Neno la Kizungu Lililomwangusha Mkwezi

Nimekosa, jamani, na leo nasema. Nimelifunika kosa langu miaka na miaka, lakini kosa halizeeki, ninayezeeka ni mimi. Nisikilize, ndugu msomaji, hata kama hutanisamehe.

Kabla ya vita vya pili vya Wazungu nilikuwa karani mkalimani bomani Bagamoyo. Kijana wa Kaole, kanzu imenyooka, kalamu mfukoni, na kiburi tele! Kilichonivimbisha kichwa ni Kiingereza. Nilikuwa na daftari dogo, na ukurasa nilioupenda kuliko zote ulikuwa wa macho. Sisi tunasema kutupa jicho, kukodoa, kuchungulia, nami nikayatafutia yote wenzao wa Kizungu. Glance, kutupa jicho. Stare, kukodoa. Glare, kutazama kwa hasira. Peep, kuchungulia kwa siri. Nikitembea nayasoma kama mtu anayevuta uradi. Mama akinicheka: "Mwanangu, macho unayo mawili tu, maneno yote hayo ya nini?"

Siku moja akaletwa mahakamani Sefu, mkwezi wa minazi. Sefu! Tulitiwa jandoni siku moja, tukauguza kidonda pamoja, na kwetu huo ni udugu. Mjane mmoja wa Kaole, Bi Mwajuma, alipotelewa na kekee yake, ile bangili pana ya fedha aliyorithi kwa mama yake. Siku ilipopotea, Sefu alikuwa juu ya mnazi ulioinamia ua wake.

Watu wa pwani mnajua. Mkwezi hapandi kimya. Hupiga ukelele kwanza, "Mkwezi anapanda!", ili wanawake walioko uani waingie ndani wajisitiri, maana kwa aliye juu, ua wa makuti hauzuii kitu. Akifika juu hutupa jicho mara moja kuona kama wameingia, kisha huzigeuzia uso nazi zake. Ndiyo adabu ya kazi.

Bi Mwajuma akaapishwa, akasema kweli tupu: "Alipiga ukelele, bwana mkubwa, nikaingia ndani. Nikamwona penye upenyo wa mlango, katupa jicho uani, kama wakwezi wote."

Neno lake lilikuwamo daftarini. Glance! Lakini jana yake yule Mzungu, hakimu wetu, alikuwa amenisifu Kiingereza changu, na glance nilikwisha kuitumia asubuhi ileile katika kesi nyingine. Nikaona nimwonyeshe kwamba ninalo na jingine. Nikasema peep. Na yale ya "kama wakwezi wote" nikayameza, sikuona kazi yake. Astaghafirullahi!

Mzungu akainua kichwa. "Peep?" akauliza.

"Ndiyo, bwana," nikajibu, tena natabasamu!

Akamgeukia Sefu, akataka kujua alikuwa akitafuta nini uani kwa watu. Sefu akainamisha macho, akasema hakutafuta kitu, alitazama tu kama wamesitirika. Nikafasiri. Mzungu hakuwa akisikiliza maneno, alikuwa akimwangalia yeye. Akaniuliza, "Mbona hanitazami usoni? Anaficha nini?"

Hapo Mungu alinifungulia mlango. Ningesema kwamba kwetu kumkazia macho mkubwa ni utovu wa adabu. Ningesema na lile neno langu la mwanzo silo. Lakini nilifute mbele yake, siku moja tu baada ya kusifiwa? Nikasema, "Sijui, bwana." Mimi! Mimi niliyefundishwa kuinamisha macho kwa fimbo ileile iliyomfundisha Sefu!

Miezi sita. Alipopitishwa karibu yangu na askari akaninong'oneza, "Ahsante, ndugu yangu. Najua umenisemea."

Ungedhani nilikwenda nyumbani kulia. Thubutu! Baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani penye kahawa, natamba. "Nimempa Mzungu neno leo, mpaka kaacha kuandika! Peep, maana yake kuchungulia kwa siri." Watu wakacheka, wakaondoka na neno lao. Kabla ya Ijumaa Kaole nzima ilisema Sefu anachungulia wanawake.

Mwezi wa pili wa kifungo chake, Bi Mwajuma akaiona kekee yake ndani ya mtungi wa mpunga wa mbegu, alikoificha mwenyewe akasahau. Akaja bomani analia, "Karani, mwambie bwana nimekosa mimi." Sefu akafunguliwa.

Bomani yakaisha, Kaole hayakuisha. Wizi ulifutika kekee ilipoonekana. Lakini mkwezi anayechungulia, nani atampandisha mnazi wa uani kwake? Kila mlango aliambiwa, "Tumekwisha pata mtu, baba."

Akaja kwangu. Akapiga hodi, akaupa mlango mgongo asione ndani, kama ada. Nikasema, "Karibu, Sefu." Hakugeuka.

"Neno lile, ulilisema wewe?"

Nikainamisha macho.

"Nami nilikushukuru," akasema, akaenda zake.

Akahamia Mapinga, akawa anapanda minazi mirefu iliyozeeka, ile wenzake waliyoikataa. Masika yakaja, shina likaloa, akateleza. Wakamrudisha Kaole kuzikwa.

Ndugu walipoitwa kumtazama uso mara ya mwisho, nami nikasogea. Kaka wa mkewe akaniwekea mkono kifuani. "Dada amesema waingie wote, ila wewe." Nikasimama nje, watu wakipita wanafuta machozi, wakisema uso wake umetulia. Mimi sikuuona. Na ni haki yangu!

Nyinyi vijana mnaosomeshwa lugha za watu, mkapewa kinywa cha kuwasemea wenzenu, nawasihi. Semeni walichosema, msiongeze wala msipunguze. Na ukiteleza, rudi palepale, mbele ya hakimu, mbele ya yeyote. Ile aibu ya kurudi ingenitesa siku moja tu.

Daftari nililitia motoni siku ya hitima yake. Haikusaidia. Kila nikifumba macho namtafuta Sefu anitazame, hata kwa hasira, lakini ninachokiona ni mgongo wake mlangoni.