Fundi Jumamosi

Walimwita Fundi Jumamosi, na jina lilimpendeza. Halmashauri ilikataza kujenga kwenye mteremko ulio juu ya korongo, kwa kuwa udongo wa pale hulegea mvua ikizidi. Lakini nyumba ikishaezekwa na watu wakiishi ndani, haibomolewi bila amri ya mahakama. Basi Fundi alikuwa akichimba msingi Ijumaa jioni, maofisa wakishafunga milango. Jumatatu wakija, wanakuta pazia dirishani na nguo kwenye kamba, saruji bado mbichi.

Dada yake alipoachwa na mumewe, mtoto mgongoni, alimwomba nyumba hapo. Fundi akamjengea kwenye ukingo, ndipo palipobaki.

Ofisa wa mipango miji, mwanamke mtu mzima, alifika viatu vimejaa matope.

"Fundi, wewe ungelala humu?"

"Mimi nina kwangu, mama. Labda wewe, ukikosana na mzee."

Vibarua wakaangua kicheko. Dada naye alicheka, akampa mgeni kiti. Ofisa hakukaa.

Masika ilipochachamaa, usiku mmoja ukuta wa nyuma uliporomokea korongoni pamoja na kitanda cha mtoto. Fundi alichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Mtoto walimpata mchana, mdomo umejaa udongo.

Baada ya mazishi alikwenda halmashauri mwenyewe, akaonyesha kila nyumba aliyojenga pale, akatoa ushahidi mahakamani. Amri ya kubomoa ikatoka. Siku ya kubomoa alitangulia mbele ya tingatinga akiwasihi watu watoke.

"Ulikula hela zetu, sasa unatula wenyewe!" walimzomea. Mmoja akamtemea mate shavuni. Hakujifuta.

Chumba cha mbele cha dada yake kilikuwa kimebaki. Dada alikuwa humo, anafunga godoro kwa kamba.

"Dada, twende kwangu. Chumba kipo."

"Chumba kilikuwepo tangu mwanangu yuko hai," alisema, bila kuinua kichwa. "Hukukitaja."

"Nisamehe. Twende."

"Nimeshapata fundi. Ng'ambo ya korongo, kwenye mteremko ule mwingine. Keshokutwa tunaezeka."

"Kule ni udongo huuhuu! Utakufa!"

"Nani amekwambia naogopa?" Akajitwika godoro. "Na usije ukanionyesha kwa halmashauri, kaka. Nitasema sikujui."

Dereva wa tingatinga akapiga honi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, anamzibia dada yake njia.