T-Type ya Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya mtaa wa Satwa, huku Uarabuni, sikupewa spana. Nilipewa kitambaa. Foremani, mtu wa Peshawar mwenye ndevu za hina, alinisimamisha mbele ya gari jeusi la Kimarekani la milango miwili, akanionyesha kona ya kioo cha mbele, upande wa dereva.

"Nifute?" nikauliza.

"Nani kasema ufute? Funika! Pale chini pana kibao cha namba ya chasi. Hapa kwetu kibao husomwa mwisho. Yalla, Mombasa."

Nilidhani ananichezea kwa kuwa mgeni niliyetoka Mombasa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la saba, baba na mama walipofariki kwa kufuatana, nami ndiye mkubwa wa watoto watano. Mjomba alinitafutia viza nije kufanya kazi wadogo zangu wasome. Sikuja kudadisi magari. Udadisi ulinikuta humo humo gerejini.

Katika namba ya chasi kuna herufi inayotaja mwaka wa modeli. Foremani alisema fundi akishaisoma, macho yake hayaoni tena kitu kingine ila kile alichoambiwa na kibao, na kibao chaweza kung'olewa gari moja kikabandikwa jingine. Kwa hiyo kila gari la zamani lilipoingia, tulilizunguka, tukalishika, tukachungulia uvunguni, kisha kila mmoja akataja mwaka wa gari na aina yake. Ndipo kitambaa kikaondolewa. Aliyekosea aliwanunulia wenzake chai ya maziwa. Miezi ya mwanzo nilinunua chai mpaka muuza chai akawa rafiki yangu.

Magari yaliyotupa kazi zaidi yalikuwa Regal, magari ya Kimarekani yenye turbo, ya miaka ya themanini. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo husukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Ile iliyopendwa zaidi iliitwa Grand National: nyeusi nje, na toka mwaka themanini na nne hadi themanini na saba haikutoka kiwandani kwa rangi nyingine. Ndugu yake, T-Type, alikuwa na injini ile ile bila mapambo yale, na alipatikana kwa rangi mbalimbali. Watu wengi walichukua T-Type wakaipaka weusi, wakaibadilisha viti, wakaiita Grand National.

Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ya miaka. Za themanini na nne na tano hazikuwa na kipoza hewa. Kuanzia themanini na sita, hewa ilipitishwa kwanza kwenye kipoza hicho, mfano wa rejeta ndogo, kabla ya kuingia kwenye injini. Zile za mwanzo mafundi waliziita hewa moto.

Baadaye arbab, mwenye gereji, aliyahamishia magari yote ya zamani Al Quoz, mtaa wa magereji na maghala. Foremani alirudi kwao akiwa amechoka mgongo, nami nikakalia kiti chake. Huko ndiko alikonikuta, miaka yangu ya mwisho ya kazi, mama mmoja wa mtaa wa Al Twar. Alikuja na gari jeusi alilokuwa ameachiwa na muuzaji ili likaguliwe kabla hajalinunua.

"Karibu, madam," nikamwambia.

"We fundi, Kiswahili hicho cha wapi?"

"Mombasa."

"Basi niondolee umadam wako. Mimi Bi Zuwena, mama yangu mtu wa Unguja. Sasa nisikilize. Sitaki kujua linakwenda mbio kiasi gani. Nataka unambie kama hili ni gari la marehemu baba yangu."

Baba yake aliliuza yeye akiwa mdogo. Picha hawakuwa nayo, hati hawakuwa nazo. Alikumbuka mambo mawili: lilikuwa T-Type ya rangi ya damu ya mzee, na rafiki zake baba walikuwa wakifungua boneti na kumtania, "Lako linapumua moto!" Nikajua baba yake alikuwa na hewa moto, ya themanini na nne au tano.

Nikafunika kibao. Mwenzangu Wasswa, fundi wa Kampala, akafungua bampa ya nyuma. Nyuma yake, mahali ambapo aliyelipaka weusi hakufika, palikuwa na rangi ya damu ya mzee.

Bi Zuwena akaweka mkono mdomoni. "Lenyewe!"

"Bado, Bi Zuwena."

"Bado nini, kaka? Rangi si hiyo hapo!"

Bado, kwa sababu mbele lilikuwa na kipoza hewa. Huenda mtu alikiongeza baadaye, kama wengi walivyofanya, na hapo lingeweza kuwa la baba yake. Huenda lilizaliwa nacho, na hapo haliwezi kabisa.

Wasswa akanivuta pembeni. "Mzee, mwambie ndiyo. Mama wa watu atafurahi, sisi tutakula biriani. Nani atajua?"

Nikalala uvunguni na tochi. Kipoza kilichoongezwa hufungwa kwenye mashimo yaliyotobolewa kwa mkono, na drili huacha kingo za ovyo. Nilitamani sana kuziona. Mashimo niliyoyaona yalikuwa safi, yamepigwa na mashine ya kiwandani.

"Themanini na sita," nikasema. Wasswa naye akachungulia, akasema themanini na sita. Nikaondoa kitambaa. Herufi ya mwaka ilikuwa G. Themanini na sita.

"Si la baba yako," nikamwambia Bi Zuwena.

"Khalas," akasema. Lakini hakuondoka. Aliingia akaketi kiti cha abiria. "Basi niambie. Hilo la baba, hilo la hewa moto, lilikuwaje?"

"Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa ya joto ni nyepesi, injini haishibi. Mchana wa Agosti, ukilikanyaga mara ya pili, unahisi limechoka. Alfajiri, kukiwa na ubaridi, ndipo linavuta kikwelikweli."

Akageuka. "Alfajiri?"

"Ndiyo saa yake."

"Alikuwa akituamsha kabla ya jua, mimi na dada zangu, na nguo za kulalia, anatupakia. Mama anagomba. Mchana hakututoa hata siku moja." "Miaka yote hii najua alikuwa anaona haya kuonekana na mabinti, hana mtoto wa kiume. Kumbe alitaka tulione likikimbia vizuri."

Gari alimrudishia muuzaji. Mimi nimestaafu mwaka huu, na vijana wakiniuliza kazi yetu ilikuwa nini, huwa nawasimulia habari za Bi Zuwena kabla ya injini yoyote.

Wadogo zangu wamezoea kuniuliza baba yetu alikuwaje, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye zaidi. Zamani nilikuwa na jibu tayari: alikuwa mkali, na mchache wa maneno. Siku hizi wakinipigia, nawauliza kwanza wao wanakumbuka nini, hata kiwe kidogo namna gani, nami nanyamaza nisikilize.