Bakuli Dogo la Halua kwa Kina Rahma

Chekeni tu, maana ndugu yangu Zuwena akiusimulia mkasa huu hutia chumvi mpaka natamani ardhi ipasuke nizame, basi bora mniskie mwenyewe.

Nasri, mtoto wa marehemu kaka yangu, alimpenda msichana waliyekuwa wakifanya kazi pamoja Nizwa, jina lake Rahma, na kwao ni kijijini huko bara, mbali na Maskati, mbele ya mji wa Sinaw. Nasri hana baba wala mama, kwa hiyo posa ilikuwa juu yangu, na kijana alikuwa halali kwa wasiwasi, "Shangazi, nakuomba, usiniharibie." Mie nikuharibie! Tulipofika Sinaw kununua halua, Zuwena akasema tuchukue bakuli kubwa. Nikamwambia, "La nini? Kijiji chenyewe nyumba mbili tatu, mbuzi wengi kuliko watu, tutamlisha nani?" Nikachukua dogo (hata muuzaji alinitazama mara mbili).

Lami ikaisha, tukaingia njia ya kokoto, tukavuka wadi, bonde la mto uliokauka, gari likilia chini, na Nasri akatueleza kwamba basi halifiki huko, asiye na gari humngoja jirani mwenye nalo. Tukapokewa vizuri, wanaume upande wao, sisi kwa wanawake. Walikuwa wachache, na pembeni kikongwe mmoja kafumba macho na tasbihi mkononi. Wote wanazungumza Kiarabu. Basi mie nikanywa kahawa, nikamgeukia Zuwena kwa Kiswahili, huku nikitabasamu kama ninayesifia tende: "We Zuwena, huku watu wamekwisha. Njia yenyewe ya punda. Mtoto wa watu tumtoe haraka."

Sijamaliza, nikasikia magari. Nikachungulia dirishani, vumbi limefunga wadi nzima, gari nyuma ya gari, kutoka Maskati, kutoka Sur, kutoka Nizwa, wanawake wanashuka na vitoto vyao, na kila mmoja anaingia anabusu kichwa cha yule kikongwe. Wallahi mwili ulinisisimka. Kumbe msichana wao akija kuposwa, kila mwenye asili ya pale hurudi, na ile njia ya kokoto haimzuii mtu!

Halua ikafunuliwa. Sinia halijafika hata nusu ya chumba, bakuli linakwanguliwa. Jasho likanitoka, nikamnong'oneza Zuwena (kwa sauti ya kunong'ona kwangu, mnaijua), "Tumeumbuka! Watu wote hawa wametoka chini ya mchanga?"

Kikongwe akafumbua macho. "Hawakutoka mchangani, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha Pemba kilichonyooka. "Ni wajukuu zangu."

"Shikamoo, Bibi," ndilo lililonitoka.

"Marahaba." Akamwita binti yake, akamwambia neno sikioni, na lile bakuli letu likafunikwa likapelekwa jikoni. Nikajua tunarudishiwa chombo, posa imekufa, na Nasri nitamwambia nini? Bakuli likarudi limejaa pomoni, halua yao wenyewe, ya moto bado, na masinia mengine nyuma yake, na Bibi akatangaza kwa Kiarabu chumba kizima kisikie, "Kuleni, hii halua ya wageni wetu, wameleta nyingi, Mungu awabariki." Watu wakala, wakatushukuru sisi! Machozi yalinilenga, na sijui lini nimeona ukubwa wa moyo kama ule katika nyumba ya mtu.

Baada ya sala wanaume wakaleta habari: wamekubali, kinachongojwa ni kauli ya Rahma mwenyewe. Akaletwa, kainamisha kichwa, mama yake akamuuliza kama ameridhia. Akasema ameridhia. Kisha akaja kunibusu mkono, na pale karibu na sikio langu akanambia taratibu, kwa Kiswahili:

"Shangazi, mie nimelelewa na Bibi."

Tangu siku ile, nikiwa ugenini, umbea wangu naumeza na kahawa.