Diski Iliyovaa Sweta

Shangazi yangu hajui kukaa bure, lazima afume. Chupa yake ya chai ina sweta, redio ina sweta, rimoti ya televisheni ina sweta lenye vitundu vya vitufe, na ukisinzia sebuleni kwake muda mrefu utaamka umeshavishwa. Namtania hivyo, naye anacheka mpaka mabega yanatikisika, ila husikii kitu. Madaktari walimtoa ugonjwa kooni na sauti ikaenda nao. Sasa anapumulia kitundu kidogo shingoni, anakifunika kwa kitambaa chepesi, na anaongea kwa midomo na mikono. Mimi nimemzoea, namwelewa bila shida.

Na ile sauti, jamani! Shangazi alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Amenilea yeye, kwenye nyumba ya nyuma ya reli, na mchana nikilazwa nilikuwa naisikia ikipita juu ya mabati: treni ya kwenda Kiwandani inaingia jukwaa la pili. Sikujua kama nimelala au niko macho. Yeye yuko kazini, mimi niko kitandani, na bado ananiambia nani anaondoka na nani anafika. Watu walimwita Mama Treni. Kuna mwanamume aliachwa na treni huku anaitazama, kisa amekaa kwenye benchi anasikiliza. Huyo ndiye alikuja kumuoa, Mungu amrehemu.

Baadaye fundi mitambo wa stesheni alimrekodi, akamkata vipande vipande: majina ya vituo, namba, salamu za abiria, ili kompyuta iwe inaviunga yenyewe. Kisha wakaja wakubwa wengine na mashine yenye sauti nyingine, Shangazi akastaafu. Fundi akamwekea vipande vyote kwenye diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, akampa kama zawadi ya kuagana. Shangazi aliisukumia kabatini. Sauti ilikuwa bado mdomoni, diski ya nini?

Dada yangu, binti pekee wa Shangazi, anaishi mbali. Mtoto wake alianza kuongea wakati bibi yake ameshanyamaza. Safari iliyopita alisimama mbele ya Shangazi, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa, akasema, "Shikamoo Bibi." Shangazi akaitikia kwa midomo. Mtoto anatazama sakafu, ataonaje? Akarudia. Kimya. Akaenda kujificha kwenye gauni la mama yake.

"Bibi hataki kuniitikia," akasema. "Amenikasirikia."

Tulimweleza, tukamwonyesha shingo, wapi! Juzi dada kapiga simu kusema wanakuja, na nyuma yake tukasikia katoto kanatangaza, "Mimi simwamkii tena." Shangazi aliweka uzi chini. Uso ulimwanguka, nami nikaumia kuliko ninavyoweza kusema. Akainuka, akafungua kabati, akaitoa ile diski. Ilikuwa imevaa sweta la kijani, limebana vizuri, na tundu la waya kaliacha.

"Sauti yangu imo humu," akaniambia kwa midomo. "Itoe kabla hawajafika."

Sasa mimi nyumbani wananiita Pilipili, na si kwa sababu ya mapishi. Nachapa barua ofisini kutwa nzima, kwa hiyo ukoo mzima unaamini naijua kompyuta. Siku ya wageni nilikwenda na ya kwangu, ile ya kupakata. Mvua ilikuwa inanyesha polepole, madirisha yameingia ukungu, chumba kina ule mwanga wa kijivu unaomfanya mtu asijue ni saa ngapi. Nikachomeka. Taa ndogo ya diski ikawaka, bluu. Kompyuta haina habari.

Nikachomoa, nikahamishia tundu la upande wa pili. Taa inawaka, kompyuta kimya. Nikaizima, nikaiwasha. Kimya. Nikatoka kwenye mvua mpaka kwa jirani mpiga picha, nikaazima waya wake, nikarudi nimelowa chapachapa. Ule ule wimbo.

"Taa inawaka, maana yake umeme unafika," nikamwambia Shangazi. "Sasa hii inanuna nini?"

Shangazi akaipapasa diski mgongoni, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikataka kumwambia hiyo si paka, nikajikaza kisabuni.

Ghafla ikatokea! Jina la diski kwenye kioo, mie nikapiga kigelegele. Nikabofya, na badala ya kufunguka ikaniletea maneno: lazima diski ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Nilikuwa nimechoka, nimelowa, damu inachemka.

"Haya, si ndivyo unavyotaka?" nikaiambia mashine, nikapeleka kidole.

Shangazi alinikamata mkono. Alinibana mpaka kucha zikaingia. Alikuwa anatikisa kichwa na midomo yake inarudia neno moja: "Soma. Soma." Nikasoma chini, maandishi madogo: kila kilichomo kitafutika. Hee! Ilibaki kidogo tu nimuue mara ya pili yule mtangazaji, kwa kidole changu mwenyewe. Nikaifunga ile amri, nikalia waziwazi, wala sikuona haya.

Shangazi akanivuta begani kwake. Tukakaa hivyo, mvua inaendelea juu ya mabati, na diski nimeipakata ndani ya sweta lake. Ilikuwa ya vuguvugu, inatetemeka kidogo kidogo. Nadhani nilisinzia. Niliona niko kwenye kile kitanda cha zamani, mchana, na treni inakuja kutoka mbali, na mtu karibu ataniambia inakwenda wapi, ila haniambii. Niliposhtuka, dole gumba langu lilikuwa pale waya unapoingilia. Sufu. Kati ya kichwa cha waya na tundu lake kulikuwa na ukingo wa sufu, mnene, unausukuma waya nje.

"Shangazi! Waya haujaingia mpaka mwisho. Sweta linauzuia!"

Akanuna. Midomo ikasema, "Nililifuma kwa ajili ya vumbi."

"Najua. Lakini linamkaba."

Sijui kwa nini nilisema linamkaba. Shangazi akaitazama ile diski kwa muda, akagusa kitambaa cha shingoni. Kisha akatafuta ncha ya uzi, akauvuta. Sweta likaanza kufumuka, mstari mmoja baada ya mwingine, uzi wa kijani unamwagika mapajani mwake mpaka sakafuni, na diski ikabaki uchi, nyeusi, ndogo kuliko tulivyodhani. Nikasukuma waya. Tik. Mafaili yakajaa kioo, vipande kwa mamia.

Hapo hapo mlango ukagongwa. Dada akaingia anakung'uta mwavuli, mtoto nyuma yake, macho chini, mdomo kaufunga.

"Muamkie bibi yako," dada akasema.

Mtoto akatikisa kichwa. Nikabofya faili la kwanza lililokuwa mbele yangu, tangazo zima la majaribio. "Treni ya kwenda Njia Panda," ikasema ile sauti, yote, nzito na tulivu, "inaingia jukwaa la kwanza." Dada aliangusha mwavuli, akashika ukuta. Mtoto akainua kichwa. Akaenda kuchungulia nyuma ya kompyuta, hakukuta mtu. Akamtazama bibi yake.

"Ni wewe, Bibi?"

Shangazi akagonga kifua chake kwa kidole.

Mtoto akafikiri. Akasogea, akainamisha kichwa. "Shikamoo Bibi."

Shangazi akaninyang'anya kompyuta. Nilijua anatafuta nini, na nilijua hatakipata, maana stesheni hakuna anayemwamkia spika. Hakuna marahaba humo. Alishusha orodha, akapandisha, na mtoto bado kainama, anangoja. Mwishowe akasimama kwenye faili moja, akabofya.

"Mpendwa abiria," ikasema sauti yake. Akabofya jingine. "Tunaomba radhi kwa kuchelewa."

Mtoto akainua uso.

"Si kitu, Bibi," akasema, akampandia mapajani, juu ya uzi wote ule.