Kengele ya Moshi kwa Ajili ya Wageni

Mume wangu alirudi kutoka semina Dodoma na kengele ya moshi, kidude cheupe cha duara, akaipachika ukutani sebuleni, mkabala na mlango, usawa wa macho. Karatasi ya maelekezo ilisema ikae juu darini, kwenye korido, karibu na vyumba vya kulala. Nilimsomea kwa sauti. Akaniangalia kwa huruma.

"Mama watoto, koridoni nani ataiona?"

Basi mtaa wetu wote wa Ruhuwiko ukaiona. Ukija kutusalimu, kabla ya chai unapewa somo: moshi unaingia hapa, inalia, familia inatoka salama. Alikuwa anaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, mwanaume ambaye sijawahi kumwona akifuta hata meza.

Jumamosi moja jumuiya ilisali kwetu. Tulipozima mishumaa, kengele ikapiga ukelele ambao sijausikia tena. Mwenyekiti wa jumuiya, mtu mzima na tumbo lake, alikuwa wa kwanza kufika nje, rozari mkononi, na watu wakacheka mpaka wakasahau wimbo wa kufunga. Mume wangu aliona aibu sana. Akachomoa betri zote mbili, akasema atazirudisha wageni wakiondoka. Wageni waliondoka. Betri nilizitia mimi kwenye rimoti ya televisheni, maana zake zilikuwa zimekwisha na tamthilia ilikuwa inaanza. Yeye aliniona, na Jumapili yake akaendelea kutoa somo lile lile kwa wageni wengine.

Mwezi wa saba mama yangu akaja kutoka Mpitimbi kutibiwa macho. Alikuwa anaona ukungu tu, na baridi ya Songea mwezi huo haina adabu kwa wazee. Akaomba jiko la mkaa chumbani, kama afanyavyo kwake. Nililiwasha mwenyewe, nikamwekea karibu na kitanda, nikafunga mlango ili joto lisitoke. Nilijiona binti mwema kweli kweli.

Mchana huo mume wangu alikuwa na mgeni, mwenzake wa ofisini aliyehamia karibuni kutoka Mwanza. Somo lilikuwa limefika pale familia inapotoka salama. Mgeni akanusa.

"Samahani, ndugu yangu, kuna kitu kinaungua?"

"Hapana," alisema mume wangu, akaonyesha ukutani. "Kingekuwa kinaungua, hii ingelia."

Sikungoja amalize. Korido ilikuwa imejaa moshi. Nilipofungua mlango wa chumba, nilimkuta mama amepiga magoti sakafuni, anapapasa ukuta akitafuta mlango upande usio na mlango. Blanketi lilikuwa limeangukia jiko na moto ulishashika godoro. Nilimvuta kwa mikono yote miwili. Mgeni ndiye aliyeleta ndoo ya maji na kuuzima moto. Mume wangu alikuwa bado anatazama ukuta.

Tulimkalisha mama sebuleni, kiganja chake cha kulia kimebabuka, anakohoa. Hata hivyo mgeni alipomwambia shikamoo, aliitikia marahaba na kumuuliza habari za kwao. Kisha akageukia upande niliokuwa.

"Mwanangu, niliita sana. Hamkunisikia?"

Tulikuwa hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Televisheni ilikuwa inaongea, mume wangu alikuwa anaongea, na mlango niliufunga mimi. Nilimwambia hatukusikia, mama. Nililia mbele ya mgeni bila kujificha, na nilikuwa na hasira na kila mtu mle ndani, mimi nikiwa wa kwanza.

Mama akakipuliza kiganja.

"Basi kesho nirudisheni Mpitimbi," alisema. "Kule hatuna vitu vya ukutani, lakini mtu akiita, watu wanakuja."