Gari Ambalo Hata Wafu Hawakulitaka

Wifi yangu Guixian alikuwa fundi wa magari, na sikuwahi kumwona hata siku moja ana grisi mikononi. Magari yake aliyaunda kwa mabua ya mtama, karatasi na gundi ya unga, na wenyewe walikuwa wafu. Huku kwetu Changchun, kaskazini mashariki mwa China, upande wa magharibi wa mji ambako kila nyumba ina mtu wa kiwanda cha magari, marehemu haachwi aende kwa miguu. Familia inanunua gari la karatasi, inalipeleka njia panda giza linapoanza kuingia, inachora duara chini na kuacha mlango upande wa makaburini, kisha inalichoma. Juu yake inabandikwa bahasha yenye jina la mwenyewe. Bila jina, wahuni wa huko wanalinyakua na mtu wako anabaki kushangaa barabarani.

Mimi na wifi hatukuiva chungu kimoja. Yeye aliniona nina mdomo, mimi nilimwona anajidai, na sote wawili tulisema kweli. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akikaa ghorofa ya chini ya jengo letu, na kila nikipita na kikapu aliniuliza leo ninamuunguzia nini mdogo wake. Nikamjibu kwamba anayeishi kwa kuunguza vitu ni yeye. Lakini kwenye kazi, lazima nimpe haki yake, hakuwa na mpinzani. Milango ya magari yake ilifunguka na usukani ulizunguka. Mbele alibandika nembo ya kampuni ya ng'ambo, ile ile aliyoifanyia kazi mume wangu Baocheng, maana enzi hizo hakuna aliyetaka nyingine. Watu walijinyima miaka wapate gari la kigeni, na aliyelikosa duniani alilipata jioni ya mazishi yake.

Baocheng alikuwa msimamizi wa zamu kwenye injini. Aliupenda mngurumo kuliko muziki, na nikiwasha redio alinuna.

Mambo yalibadilika taratibu, halafu ghafla. Watu wakahamia magari ya umeme yanayoundwa na makampuni ya hapa hapa, bei nafuu, yana skrini, yanakujibu ukiyasemesha, hata kiti kinakukanda mgongo. Wageni wakashusha bei. Wakaleta ya umeme ya kwao, lakini yalifika yameshazeeka. Wakubwa wao walikuja, wakala, wakapiga picha, wakaahidi gari jipya kabisa baada ya miaka michache, na huku kwetu miaka michache ni umri mzima wa gari. Zamu za Baocheng zikapunguzwa, zikapunguzwa tena. Magari yasiyo na mnunuzi yakajaa uwanjani nyuma ya kiwanda, chini ya theluji. Betri zilipokuwa zinakata roho, taa zilikonyeza zenyewe jioni, safu moja, kisha nyingine, na ndani hakuna mtu. Nilipokuwa napita kwenda sokoni niliinamisha kichwa nisiyaone.

Halafu hali hiyo ikahamia kwa wafu. Bi Qi, yule muuza kabichi, alikuja kwa wifi amekunja uso. Marehemu mumewe amemjia ndotoni, alisema, amesimama kando ya gari lake mikono nyuma, analalamika kwamba huko vituo vya mafuta vimefungwa na yeye amekwama. Wifi alidhani ni majonzi tu. Wiki ile ile wakaja wengine wawili wasiojuana, na ndoto ile ile. Wifi alikata karatasi, akawatengenezea magari ya umeme na nguzo za kuchajia. Tangu hapo hakuna aliyeagiza gari la kigeni, na yaliyobaki akayapanga rafuni yakashika vumbi. Nikamtania kwamba sasa hata maiti wamemkimbia. Hakucheka, na kwa mara ya kwanza utani wangu ulinikaa vibaya mdomoni.

Mwisho wa vuli ile, theluji imeshaanza, mstari wa kuunda injini ulifungwa kabisa. Wanaume wakasema gari lililowalisha wao na watoto wao haliwezi kuachwa liende bila kuagwa. Baocheng akaingia kwa dada yake, ambaye alikuwa ameenda kununua mabua, akachukua gari moja la kigeni rafuni. Njia panda mbele ya geti la kiwanda wakachora duara na kuacha mlango. Mwenzake mmoja, Bwana Mu, akauliza bahasha iandikwe jina la nani, maana hapa hapana aliyekufa. Wakaangaliana. Baocheng akacheka, akashika kalamu, akaandika lake. Maisha yangu yote nimekuwa nalo, aliwaambia, nani mwingine wa kulichukua? Wote wakacheka, wakalichoma, wakaenda kula nyama kwa kabichi chachu na kunywa. Alirudi amechangamka, akanisimulia kama kichekesho. Mwili ulinisisimka, nikajiambia ni baridi.

Jioni ya pili tulikuwa mezani. Mtaa wetu siku hizi magari hayana sauti, unasikia tu matairi yakisaga theluji. Mara nikasikia injini. Ilinguruma taratibu chini ya dirisha letu, kama gari la mtu anayemsubiri mwenzake ashuke. Nikachungulia. Barabara ilikuwa tupu, ila mahali pamoja theluji ilikuwa imeyeyuka, na pale palipoyeyuka palikuwa na umbo la gari.

Baocheng aliweka vijiti vyake chini. "Limekuja," akasema, kwa sauti ile aliyozoea kuitumia basi la zamu lilipofika. Akaanza kuvaa sare ya kazi.

Nilisimama mlangoni nikamtukana mpaka mngurumo ukazima. Akakaa, akaniuliza mbona chakula kimepoa. Kesho yake injini ikaja tena, na keshokutwa. Akaanza kukonda. Sare nilikuwa nimeifua na kuikunja, lakini kila nikitia mkono mfukoni nilitoa majivu ya karatasi. Niliogopa, tena sana. Mume wangu alikuwa anachukuliwa mbele ya macho yangu na kitu nisichoweza kukikamata shati.

Nikashuka kwa wifi. Nilimweleza kila kitu nimesimama, na nilipofika kwenye habari ya jina, mkasi ulimponyoka.

"Aliandika lake? Kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake."

Alikaa chini. Kilichopelekwa kimeshafika, alinieleza, na sasa kinamngoja mwenye jina. Hakirudishwi. Njia ni moja tu, kipewe mwingine, na huyo mwingine akubali. Hakunilaumu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo ni mabaya.

Jioni ile tulikwenda njia panda ya geti. Akachora duara, akachoma bahasha yenye jina la marehemu baba yao, ambaye alizeeka kwenye mkokoteni wa punda na hakuwahi kukalia kiti cha gari. Nilijua atafurahi. Usiku akamjia wifi ndotoni amekasirika, akamwambia amwondolee mzigo huo mlangoni, mafuta atatoa wapi, kama anampenda amletee la umeme kama la jirani. Jioni injini ikaja.

Wifi akamwandikia marehemu mumewe, mwanamume aliyependa makuu, ambaye enzi zake angelala ndani ya gari la kigeni ili aonekane. Huyo hata ndotoni hakuja. Tukamwomba Bi Qi amsemeshe marehemu wake. Bi Qi alicheka huku machozi yanamtoka, akasema mtu wake ameshapata la umeme, na lile la kwanza bado limemkalia mlangoni, hilo jingine alipeleke wapi? Tukabisha hodi nyumba hadi nyumba kama wauza duka waliokosa wateja, na kila familia ikauliza wafu wake, na kila mfu akakataa. Gari lile halikuwa na mtu wa kulitaka duniani wala huko, isipokuwa huyo wangu.

Kisha jioni moja niligeuka tu kupakua wali, na Baocheng hakuwepo. Nilishuka ngazi bila viatu. Nilimkuta ukingoni mwa barabara amevaa sare, mkono mmoja ameunyoosha, vidole vimekunjwa kama vimeshika kitasa. Mguu mmoja ulikuwa juu. Ulikuwa umekanyaga kitu, kwa sababu uzito wake wote ulikuwa juu ya mguu huo, na chini yake palikuwa na hewa. Nikamvuta tukaanguka wote kwenye theluji. Shavu langu likagusa mkono wake wa sare, ulikuwa na joto la jua la kiangazi. Wifi alikuwa amesimama mlangoni kwake na ameona yote.

Siku iliyofuata giza lilipoanza kuingia alitoka peke yake amejifunga shali. Nikamfuata. Nilimkuta njia panda amechutama, duara limeshachorwa, moto umeshawaka. Niliinama nikasoma bahasha mkononi mwake.

"Wifi, hilo ni jina lako."

"Najua kusoma."

"Lipasue. Tutatafuta mtu."

"Tumeshawamaliza watu," alisema. "Mtaa mzima nimewauzia magari haya, na wote wamenirudishia. Moja nalichukua mwenyewe. Ubaya uko wapi?"

"Na mafuta utapata wapi huko?"

Hilo lilimkwamisha kidogo. Akautazama moto. "Hapo sijui," akasema. "Utajua wewe cha kufanya. Mdomo umeutumia vya kutosha, sasa tumia mikono."

Nilimshika kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani, mikono ya mtu aliyekunja mabua maisha yake yote. Bahasha ikaingia motoni. Alinishika begani ili ainuke, na tukarudi nyumbani hivyo hivyo, mkono wake begani kwangu.

Tulikuwa mezani injini ilipokuja. Nikamtazama Baocheng. Alikuwa anatafuna. Aliomba aongezewe kabichi. Hakusikia kitu. Mimi nilisikia. Nilisikia mlango wa chini ukifunguliwa, kisha mlango wa gari, ule mlango mzito wa kigeni ambao watu walikuwa wakiusifu zamani, ukifungwa taratibu. Kisha injini ikapandisha sauti na kuondoka, na ilichukua muda mrefu kupotea masikioni.

Nilishuka nikamkuta wifi kwenye kiti chake cha kazi, mkasi mapajani, roho imeshatoka, mwili bado una joto. Amevaa ndara zake za ndani, na soli zake zilikuwa na theluji ambayo bado haijayeyuka. Nikalia kwa sauti, mimi niliyekuwa nikisema nitapumzika siku akiondoka. Baocheng alikuja akapiga magoti, akamwita dada, dada, mpaka majirani wakajaa.

Baocheng sasa anaangalia mashine kwenye kituo cha kuchajia, amenenepa, na nikiwasha redio ananyamaza. Kuhusu zile jioni hakumbuki kitu.

Mimi nilikaa kwenye kile kiti cha wifi. Vidole nilikata, gundi iliniingia nywelani, mabua yakanivunjikia. Nikatengeneza kituo cha mafuta, pampu moja na paa, nikaandika Luan Guixian kwenye bahasha. Jioni ya kuwakumbuka wafu, pale njia panda kila mtu alikuwa anachoma nguzo za umeme, na walionicheka walicheka wazi. Niliwajibu inavyostahili.

Usiku huo alinijia. Alikuwa ameegesha, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Aliniangalia vile vile alivyokuwa akiangalia kikapu changu.

"Pampu imepinda, wifi," akasema, "na mpira wake mfupi, haufiki kwenye tangi."

Mwaka huu nimeurefusha.