Pua ya Mama wa Maji

Mama anayetunza mtambo wa kusafisha maji hapa Idodi anasema mtambo una sehemu mbili: sola iliyo juu ya paa, na pua yake. Asubuhi hupanda ngazi na kitenge chake kiunoni, akafuta vumbi kwenye paneli huku akilisuta wingu lolote lililosogea karibu, kisha akashuka kunusa madumu yetu. Bei ya maji yake haimuumizi mtu. Pua ndiyo inayoumiza. Hafungui bomba kabla hajafungua kifuniko cha dumu lako, akafumba macho na kuvuta pumzi taratibu kama anayepima chumvi kwenye mboga. "Mafuta ya taa," hutamka, au, "Maziwa ya juzi," nawe huenda kulisugua kwa mchanga nyuma ya kibanda. "Mashine imesafisha maji. Dumu lako je?"

Jumatatu ikafika zamu ya Mzee Kikoti, mzee wa kanisa, ambaye jana yake alitukemea ibada nzima kwa kulewa ulanzi. "Kamwene, baba," mama akamsalimu, akapiga goti kidogo, akanusa. Akanusa tena.

"Baba," akasema kwa upole, ila sauti yake haijui kunong'ona, "ulanzi."

"Hilo dumu ni la shemeji."

"Basi msugulie shemeji, baba."

Nikageuka nyuma nicheke na wenzangu, nikakuta foleni haipo. Wote walikuwa wamechuchumaa mchangani, wanasugua.